TUJENGE UKUTA WA NDANI, LAKINI TUANZE NA DIRISHA



Watoto wakikua, chumba kimoja hakitoshi tena. Wavulana na wasichana wanahitaji kulala mbalimbali. Kwa hiyo wengi wetu tunaamua kukigawa chumba kikubwa kwa ukuta wa miti na udongo. Ni kazi nzuri, na haina gharama kubwa. Lakini kuna kosa moja ambalo sisi wenyewe tuliwahi kulifanya.

Tulimsaidia jirani yetu kujenga ukuta wa namna hiyo. Tulisimamisha miti, tukakandika, tukafurahi. Ukuta ulipokauka, mama mwenye nyumba aliingia chumba kipya kutandika kitanda cha watoto. Mara akatuita: "Walimu, hebu nileteeni taa." Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi! Kumbe dirisha lilikuwa moja tu, nalo lilibaki upande wa pili. Tuliona haya.

Basi tukumbuke: ukuta haugawi chumba tu. Unagawa pia mwanga na hewa.

Je, hewa ina maana gani? Mtu mwenye kifua kikuu akikohoa katika chumba kisichopitisha hewa, vijidudu hubaki humo na wengine huvivuta. Tena, siku za baridi watu wengine huingiza jiko la mkaa wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Haionekani wala hainuki. Katika chumba kilichofungwa, hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mkaa lisiingie kabisa chumba cha kulala, hata kama dirisha lipo.

Haya, sasa tujenge.

1. DIRISHA
Tutoboe dirisha kwanza, kwenye ukuta wa nje wa chumba kipya. Tulitoboe kati ya nguzo na nguzo. Tusikate nguzo yoyote ya ukuta wa nje, maana ndizo zinazobeba paa. Tuweke wavu wa kuzuia mbu.

2. HESABU
Tuseme chumba kina upana wa sentimita 330. Mlango tutauweka pembeni, nao utachukua sentimita 80.
330 – 80 = 250
Nguzo zetu zitaachana sentimita 50.
250 ÷ 50 = 5
Je, tukate nguzo 5? Hapana! Tutazame vidole vya mkono mmoja. Vidole ni 5, lakini nafasi kati yake ni 4. Vivyo hivyo, nafasi 5 zinataka nguzo 6. Tuongeze nguzo 1 ya upande wa pili wa mlango. Jumla ni nguzo 7.

3. NGUZO
Tuwaulize wazee ni mti gani wa huko kwetu usioliwa upesi na mchwa. Tumenye magome, maana mchwa hupenda kujificha chini yake. Tuchimbe mashimo ya kina cha sentimita 50, tusimamishe nguzo na kushindilia udongo. Ili kujua kama nguzo imenyooka, tufunge jiwe kwenye kamba na kuliacha lining'inie kando yake. Hiyo ndiyo timazi yetu. Nguzo ya pembeni ifungwe kwenye miti ya ukuta wa zamani. Tusipofanya hivyo, ukuta mpya utajitenga, na siku moja unaweza kuwaangukia watoto.

4. FITO
Tufunge fito pande zote mbili za nguzo, zikiachana sentimita 20. Ukuta wa kimo cha sentimita 240 una mistari 12 kila upande. Kwa hiyo 12 × 2 = fito 24. Juu ya mlango tutatumia vipande.

5. UDONGO
Udongo wa kichuguu unafaa. Tuuchanganye na majani makavu yaliyokatwakatwa, tuukanyage vizuri, tuuache ulale usiku mmoja. Ukiwa wa mfinyanzi sana utapasuka, basi tuongeze mchanga. Tukandike mara ya kwanza, tuuache ukauke kabisa. Nyufa zitatokea, tusiogope. Ndipo tusilibe mara ya pili kwa udongo laini.

Yule jirani tulimrudia. Tulitoboa dirisha, tukasiliba upya. Kazi ya siku moja tuliifanya mara mbili. Wewe ifanye mara moja.

MASWALI
1. Kwa nini tusikate nguzo za ukuta wa nje?
2. Kwa nini jiko la mkaa ni hatari chumbani?
3. Chumba cha Mama Asha kina upana wa sentimita 380. Mlango wa pembeni ni sentimita 80. Nguzo zinaachana sentimita 50. Atahitaji nguzo ngapi? Kumbuka vidole!