Kichocheo na Chembe za Nano Viwandani: Istilahi na Uhalisia Wake

Utangulizi
Neno kichocheo limenyambuliwa kutokana na kitenzi chochea. Achocheaye moto husogeza kuni zishike vizuri. Yeye mwenyewe hateketei. Maana hiyo imehamishiwa katika kemia, ambamo kichocheo ni dutu iharakishayo mmenyuko bila yenyewe kumalizika. Makala haya yanadhamiria kupima ufaafu wa istilahi hii kwa kurejelea utengenezaji wa amonia.

Mfano wa amonia
Hewa imejaa nitrojeni, lakini atomi zake zimeshikana mno hivi kwamba mimea mingi haiwezi kuitumia moja kwa moja. Mwaka 1909, Fritz Haber wa Ujerumani aliiunganisha na hidrojeni kwa kutumia osmiamu, metali adimu na ghali. Carl Bosch wa kampuni ya BASF alihitaji kichocheo cha bei nafuu. Alwin Mittasch alijaribu maelfu ya michanganyiko hadi akapata chuma kilichotiwa viwango vidogo vya oksidi za alumini na potasiamu. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913, na mbolea za nitrojeni zingali zinategemea njia hiyo.

Chembe za nano
Mmenyuko huu hutokea kwenye uso wa chuma. Mchemraba wa sentimita 1 una eneo la sentimita mraba 6. Ukigawanywa kuwa vichemraba vya nanomita 10, yaani sehemu 10 za bilioni za mita, jumla ya eneo hufikia mita mraba 600, ilhali uzito ni uleule. Hata hivyo, chembe ndogo hushikamana katika joto kali. Oksidi ya alumini ndiyo huzitenganisha.

Ufaafu wa istilahi
Ikumbukwe kwamba chochea pia hudokeza kuongeza nguvu, kama vile kuchochea fitina. Kichocheo cha kemia hakiongezi nishati; hufungua njia yenye kizingiti cha chini. Aidha, hakibadilishi msawazo: hufikisha mmenyuko mapema pale ambapo ungefika hata bila hicho.

Hitimisho
Istilahi hii inafaa, kwani inamjengea mwanafunzi picha anayoifahamu tangu jikoni. Lakini kila sitiari ina mpaka. Mwalimu asipouonyesha mpaka huo, neno lililomfunza mwanafunzi ndilo litakalompotosha.