Dakika Kumi Kila Siku, Kisha Neno Moja

Watu wengi wanaoanza kutafakari huacha baada ya muda mfupi, na malalamiko yao yanafanana: hawakuona kitu. Walikaa, wakafumba macho, wakafuata pumzi, mawazo yakawavamia, wakainuka vilevile walivyokaa. Siamini kwamba walikosa kipaji au utulivu. Walitafuta katika kikao kimoja jambo ambalo kikao kimoja hakina. Kutafakari hakumfunulii mtu nafsi yake kwa mkupuo. Kunamwonyesha tu kilichopita kichwani mwake leo, na maana ya hicho huonekana leo inapowekwa kando ya jana, juzi na wiki iliyopita. Mwenye duka haijui biashara yake kwa mauzo ya Jumamosi moja. Ndiyo maana nasisitiza kukaa kila siku, hata kwa muda mfupi, kuliko kukaa saa nzima mara moja moja.

Waliotutangulia walilijua hili. Evagrius, mtawa aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, alimwagiza anayetaka kuyaelewa mawazo yanayomsumbua ayachunguze kama mlinzi: lipi huja mara nyingi, lipi ni kali zaidi, huja saa ngapi, na lipi humfuata lipi. Hayo hayajulikani kwa siku moja. Ignatius wa Loyola, padri Mkatoliki, katika kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilichochapwa mwaka 1548, alikwenda mbali zaidi. Alichora mistari miwili kwa kila siku ya juma, mmoja wa kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana, wa pili hadi jioni. Mtu alichagua kosa moja analotaka kuliacha, akatia nukta kila alipoanguka, kisha akalinganisha mstari na mstari, siku na siku, juma na juma. Kwa Waislamu, al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, aliijenga elimu yake juu ya kuihasibu nafsi. Na mtu aliyeshika uradi wake, yaani dhikiri anazozirudia, kila baada ya Alfajiri tayari ana nusu ya nidhamu ninayoizungumzia, kwa sababu ameshazoea kurudi mahali palepale, wakati uleule.

Chagua basi wakati ulioshikamana na jambo unalolifanya kila siku: baada ya sala, au kabla ya kuigusa simu asubuhi. Kaa dakika kumi kwenye kiti au mkeka, mgongo wima bila kujikaza, macho yamefumbwa au yanatazama sakafuni. Fuata pumzi inapoingia na kutoka puani, bila kuirekebisha. Akili itaondoka, na si kwa sababu wewe ni dhaifu. Mwaka 2010 watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert waliwauliza watu wazima kwa simu, wakati wowote wa siku, wanawaza nini. Karibu asilimia 47 ya mara walizoulizwa, walikuwa wakiwaza jambo jingine kabisa na lile walilokuwa wakilifanya. Kule akili inakokwenda ndiko tunakotaka kukujua. Tuseme umefika pumzi ya sita na tayari uko ofisini, unamjibu bosi maneno ambayo jana hukuyasema. Taya limekakamaa, ulimi umeganda kwenye kaakaa, mabega yamepanda. Usiimalize hotuba hiyo. Jiambie kimoyomoyo "ugomvi", legeza taya, rudi kwenye pumzi. Dakika kumi zikiisha, andika daftarini tarehe na neno moja la lile lililorudi mara nyingi zaidi: ugomvi, pesa, hofu, sifa, mipango. Usieleze sababu.

Katazo hilo la mwisho ndilo linalobeba uzito wote, na linajibu pingamizi kubwa kuliko yote: kwamba mtu hujidanganya, kwa hiyo kujichunguza ni kujitungia hadithi. Pingamizi hili lina ushahidi. Mwaka 1977 wanasaikolojia Richard Nisbett na Timothy Wilson walieleza jaribio ambalo wapita njia waliwekewa jozi nne za soksi ndefu za nailoni, wakaombwa wachague iliyo bora. Jozi zote zilikuwa sawasawa. Wengi zaidi walichagua ya upande wa kulia kabisa, wakataja ubora wake, na walipoulizwa kama mahali ilipowekwa palichangia, wakakana. Nakubali somo hilo lote. Lakini linahukumu jibu la "kwa nini", lile tunalolitoa papo hapo ili tusikae bila jibu. Daftari la neno moja halikuulizi kwa nini. Linakuuliza nini, tena na tena, mpaka ukurasa wenyewe uanze kusema. Mtu aliyeamini kwamba hasira yake inaletwa na bosi anaweza kukuta neno "ugomvi" limejaa kwenye siku zinazofuata usiku wa kuchelewa kulala, hata akiwa likizo. Mwingine atakuta "sifa" kila Jumapili baada ya kuimba kwaya, naye siku zote alijiona mnyenyekevu. Ni vigumu kubishana na mwandiko wako mwenyewe wa majuma sita. Kama bado una shaka, muulize mwenzi wako wa ndoa kama neno linalojirudia linakufaa.

Wapo wanaohofia dini yao: kwamba hii ni ibada ya wengine, au kwamba akili iliyoachwa tupu hukaribisha pepo. Hofu hiyo inastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba Jon Kabat-Zinn, aliyeuingiza utaratibu huu hospitalini Massachusetts mwaka 1979, aliutoa katika mafundisho ya Kibudha. Hata hivyo hakuna kinachoachwa tupu hapa, kwa kuwa kazi yote ni kukesha juu ya yaliyomo. Anayetaka kuiambatanisha pumzi na jina la Mwenyezi Mungu afanye hivyo. Watawa wa Kanisa la Mashariki wamelitaja jina la Yesu kwa namna hiyo kwa karne nyingi. Kwangu mimi, faida ya kiroho iko papa hapa. Toba ya jumla ni rahisi kwa sababu haimgusi mtu mahali popote. Aliyeona "sifa" imeandikwa Jumapili nne mfululizo anajua aombe nini, na amwombe nani radhi.

Siwezi kuahidi tiba. Mapitio ya tafiti 47 yaliyotoka mwaka 2014 katika jarida la JAMA Internal Medicine yalikuta kwamba kutafakari hupunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani tu, na hayakupata ushahidi kwamba kunashinda dawa au mazoezi ya mwili. Kuhusu siku utakayoikosa, usiifidie kwa kukaa mara mbili. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake huko London walikuta kwamba tabia mpya ilichukua wastani wa siku 66 kuota mizizi, kwa wengine 18, kwa wengine hata 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Acha mstari wa siku hiyo wazi na uendelee kesho.

Tahadhari moja si ya kupuuzwa. Aliyepitia vita, ubakaji au msiba mzito anaweza kukuta kumbukumbu zikimrudia kwa nguvu pindi anapofumba macho. Huyo akae macho wazi, afupishe hadi dakika mbili, au atembee polepole akihesabu hatua. Usingizi ukipotea, au hofu ikimfuata hadi mchana, aache kabisa na amwone daktari au mshauri wa afya ya akili kabla ya kufikiria kuendelea.