Kabla ya kufunga beringi mpya kwenye mashine ya kusaga

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na beseni lake la muhogo mkavu ndiye aliyesema kwanza: "Papa, leo mashini inalia vibaya." Nikamjibu kwamba ni mkanda tu. Siku ya tatu nyumba ya beringi, upande wa puli, ilikuwa ya moto hata kiganja hakikai, na grisi iliyochanganyika na unga ilikuwa imekauka na kuwa kahawia kama ukoko wa bugali.

Nilifunga beringi mpya. Baada ya wiki chache nayo ikafa. Ndipo nilipoacha kulaumu beringi, nikaanza kutafuta kinachoziua.

Ukisikia mlio kama ule, zima injini, utoe mkanda. Usitie mkono kabla mkanda haujatoka. Zungusha shafti polepole. Beringi nzima huzunguka laini, mbovu utaihisi inakwaruza kama imemeza mchanga. Kisha shika ncha ya shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, fungua.

Yetu ni UCP206, aina inayokuja ndani ya nyumba yake ya chuma. Tarakimu mbili za mwisho zidishe kwa 5, utapata tundu lake kwa milimita: 06 ni 30. Ndivyo ilivyo hata kwa 6205, ambayo tundu lake ni 25. Hata hivyo, ukienda kununua Uvira beba ile ya zamani, kwa sababu barabara ni ndefu na kurudi na saizi isiyo yake ni hasara ya siku nzima.

Legeza skrubu mbili ndogo za pete ya ndani, halafu ivute kwa pula. Ikigoma, usiipige ncha ya shafti kwa nyundo ya chuma. Ncha ikishaumuka, hakuna beringi itakayopita hapo. Weka kipande cha mbao ngumu katikati, na upige taratibu.

Shafti ikitoka, ifute na uitazame vizuri. Yetu ilikuwa imeliwa pale beringi inapokaa, kwa sababu pete ya ndani ilikuwa imelegea na kuzunguka juu yake. Mafundi wengi hupiga vitundu vidogo ili chuma kiinuke na kushika. Mimi siikubali dawa hiyo: vinundu hivyo husagika upesi na beringi hucheza tena. Shafti ichomelewe, kisha ikerezwe irudi kwenye kipimo chake. Ni gharama, lakini hulipi mara mbili.

Unapoingiza beringi mpya, kama ni lazima kugonga, gonga pete ya ndani tu kupitia kipande cha bomba. Ukigonga ya nje, nguvu inapita kwenye gololi na kuzitia makovu hata kabla hazijafanya kazi.

Sasa muuaji mwenyewe. Ndani ya mashine, nyundo moja ya kusagia ilikuwa imevunjika, nasi tukaweka mpya moja katikati ya zile zilizolika. Mpya ni nzito zaidi, na shafti inazunguka mara nyingi mno kwa dakika, kwa hiyo tofauti ndogo ya uzito inapiga beringi bila kupumzika. Nilizitoa zote, nikazipima kwenye mzani wa duka, nikazipanga zile zinazotazamana ziwe na uzito sawa. Tangu hapo, nyundo nazibadilisha kwa jozi.

Mkanda nao tulikuwa tumeukaza kupita kiasi. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba; ukishuka kiasi cha unene wake, unatosha. Puli mbili zinyooshe kwa uzi: ukiuvuta, uguse kingo zote mbili za kila puli.

Grisi itie kidogo, na kabla ya kuisukuma futa chuchu ya grisi, la sivyo unga ulioikalia unaingia ndani. Wakati wa mvua kuwa mwangalifu zaidi: muhogo usiokauka vizuri hukwama kwenye chekeche na kuilemea mashine.

Beringi ya tatu ingali inafanya kazi. Kila Jumapili natoa mkanda na kuzungusha shafti kwa mkono, nikiitegea sikio.