"Ebenezer": Utaimbaje Shukrani Ukiwa Umefiwa?

Kijana mwenzangu, leo tuuangalie wimbo ambao karibu kila mmoja wetu anaujua: "Ebenezer" wa Angela Chibalonza, mzaliwa wa Kongo aliyefanya huduma yake ya uimbaji Kenya. Tunaupiga kwenye mahafali, kwenye harusi, hata mtu akinunua bodaboda mpya. Tumeshauzoea kuwa wimbo wa watu ambao mambo yao yamenyooka.

Sasa, kwenye semina moja ya vijana hapa Singida, binti mmoja alibaki amekaa wakati sisi wote tumesimama tunaimba. Baadaye akaniambia, "Kaka, mimi niliomba mama apone, akafa. Nikimwambia Mungu amenisaidia, si nitakuwa namdanganya?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua Biblia, na nakiri kwamba miaka yote nilikuwa nasoma mstari mmoja tu, 1 Samweli 7:12, pale Samweli anaposimamisha jiwe na kuliita Ebenezeri, yaani jiwe la msaada.

Rudi nyuma hadi sura ya 4. Jina hilohilo lipo, ila huko ni jina la msiba. Waisraeli walipiga kambi Ebenezeri, wakashindwa na Wafilisti: kwanza walikufa watu 4,000, halafu 30,000. Sanduku la Agano likatekwa. Hofni na Finehasi, wana wa Eli, wakauawa. Mzee Eli aliposikia habari za Sanduku alianguka kutoka kitini, akavunjika shingo, akafa. Mke wa Finehasi akashikwa na uchungu, akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Ikabodi, naye akafariki. Nyumba moja, siku moja! Kisha Biblia inataja miaka 20 ya Sanduku kukaa Kiriath-Yearimu, Israeli wakiomboleza. Ndipo linakuja lile jiwe.

Ona, Samweli hakusema waliokufa wamerudi. Ikabodi alikuwa bado hana baba wala mama. Alichosema ni kwamba Mungu amewasaidia mpaka hapo walipofika. "Mpaka hapo" ni neno la mtu ambaye bado yuko njiani, pengine anachechemea. (Sisi wa Singida mawe tunayajua. Jabali halikuondolei jua wala upepo, lakini unaweza kuliegemea.)

Chibalonza mwenyewe alifariki kwa ajali ya gari Pwani ya Kenya, Septemba 2007. Kwa hiyo sauti ile inayoshukuru kwenye simu yako ni sauti ya marehemu.

Na sisi Wakatoliki tusishangae sana. Ekaristi maana yake ni shukrani, na tunaiadhimisha hata jeneza likiwa mbele ya altare. Hatushukuru kwa sababu ya kifo, hapana. Soma Yohane 11: Yesu analia (mst. 35), kisha palepale kaburini kwa Lazaro anamshukuru Baba (mst. 41). Hakusubiri machozi yakauke kwanza.

Nilimrudia yule binti. Sikumwambia aimbe. Tulisoma tu, sura ya 4 mpaka ya 7, tukipokezana. Alipofika kwa Ikabodi alinyamaza kidogo, akasema, "Huyu ni mimi." Tukaendelea. Novemba ilipofika, mwezi wa kuwaombea marehemu, alienda ofisi ya parokia kuomba Misa kwa ajili ya mama yake.