Baiskeli ya Umeme: Je, Breki Hurudisha Chaji kwenye Betri?

Mlaji anayeibadilisha baiskeli yake ya kawaida iwe ya umeme hununua seti ya vifaa: gurudumu lenye mota, betri, chaja na kontrola inayoongoza umeme. Seti nyingine huuzwa kwa bei ya juu zaidi kwa ahadi kwamba kila unapofunga breki, betri hujichaji. Ahadi hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo ni mdogo kuliko unavyosikika dukani. Somo hili linamwezesha mlaji kuupima kabla ya kutoa fedha.

Namna inavyofanya kazi

Mota ikipewa umeme huzungusha gurudumu. Gurudumu nalo likiizungusha mota, mota huzalisha umeme na wakati huohuo hulipunguzia gurudumu mwendo. Kontrola iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huupeleka umeme huo kwenye betri.

Si kila mota inaweza kufanya hivyo. Mota kubwa ya kwenye kitovu cha gurudumu, isiyo na gia ndani, inaweza. Mota ndogo yenye gia ndani kwa kawaida huwa na friwili yake, hivyo baiskeli ikiserereka gurudumu huzunguka huku mota imetulia. Hali ni hiyohiyo kwa mota nyingi zinazofungwa kwenye pedeli. Muuzaji akikuahidi umeme wa breki kutoka mota za aina hizo, muombe akuonyeshe kwa vitendo.

Kiasi kinachorudi

Chukua mfano wa baiskeli, mwendeshaji na mzigo wenye jumla ya kilo 120, ikienda kilomita 25 kwa saa. Nguvu yote iliyomo katika mwendo huo ni takriban wati-saa 0.8. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 hubeba wati-saa 360. Hata nusu ya nguvu hiyo ikirudi, kusimama mara 20 kutakupatia wati-saa 8, yaani umeme wa safari ya takriban kilomita moja tu.

Rujewa ipo kwenye uwanda wa Usangu. Anayekwenda mashambani au Ubaruku hupita zaidi kwenye tambarare, na sehemu kubwa ya umeme wake huishia katika kushindana na upepo, vumbi na uzito wa mzigo. Umeme huo haurudishwi na breki yoyote.

Kwenye milima hali ni tofauti kidogo. Uzito wa kilo 120 ukishuka mita 100 za kimo hutoa takriban wati-saa 33, na sehemu yake huweza kurudi kwenye betri. Kwa hiyo anayeishi Iringa mjini na kushuka Ipogoro kila siku ataiona faida zaidi, pamoja na kupunguza ulaji wa raba za breki. Hata hivyo, kupanda tena kutamgharimu umeme mwingi kuliko aliopata.

Tahadhari za usalama

Betri iliyojaa haiwezi kupokea umeme zaidi. Ukiondoka kileleni ukiwa na chaji kamili, breki ya mota inaweza kukosa nguvu au kukatika ghafla. Breki za kawaida, ya mbele na ya nyuma, lazima ziwepo na ziwe nzima.

Aidha, mota inayofunga breki huisukuma ekseli kinyume na inapoendesha. Nati zikilegea, ekseli huzunguka, hukata nyaya, na gurudumu linaweza kuchomoka. Hakikisha fundi amefunga chuma cha kuizuia ekseli isizunguke, na ukague nati mara kwa mara.

Kabla ya kulipa

1. Uliza kama mota ina gia ndani au haina.
2. Jaribu baiskeli betri ikiwa haijajaa. Funga breki ya mota, kisha tazama kwenye kioo cha vipimo kama umeme unaingia kwenye betri.
3. Zima umeme na ukanyage pedeli. Mota isiyo na gia ni nzito, na betri ikiisha njiani utaisukuma wewe.
4. Linganisha bei. Mara nyingi nyongeza hiyo ikiwekwa kwenye betri kubwa zaidi hukufikisha mbali zaidi.
5. Dai risiti, na dhamana ya maandishi yenye ahadi zote ulizopewa.

Ukipotoshwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa. Anza kwa kumrudia muuzaji ukiwa na risiti na dhamana. Asiposikiliza, wasilisha malalamiko Tume ya Ushindani. Ahadi ya mdomo ni vigumu kuithibitisha. Iliyoandikwa ni ushahidi wako.