Jinsi Makocha wa Vyuo Vikuu vya Marekani Wanavyosajili Wanariadha wa Mbio Ndefu

Nchini Marekani, kijana anayemaliza shule ya upili akiwa na kipaji cha mbio ndefu huendeleza kipaji hicho chuoni. Hakuna timu za polisi au jeshi zinazowaajiri wanariadha chipukizi kwa wingi kama ilivyo Kenya, na vilabu vya kulipwa huchukua wachache waliokwisha kukomaa. Kwa hiyo kocha wa chuo kikuu ndiye mlango, na kila mwaka huchagua vijana wachache kutoka maelfu wanaobisha hodi, Wamarekani kwa wageni. Kijitabu hiki kinaeleza jinsi uchaguzi huo unavyofanyika, nini kinachotazamwa, na fedha zinavyogawanywa.

Vyuo na madaraja yake

Vyuo vingi vinavyoshindana katika riadha vimo chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ambacho kina madaraja matatu. Daraja la Kwanza na la Pili huruhusu ufadhili wa michezo. La Tatu haliruhusu, ingawa vyuo vyake hutoa misaada kwa kuzingatia masomo na uwezo wa familia. Vyuo vinane vya Ivy League, vikiwemo Harvard na Yale, vimo Daraja la Kwanza lakini navyo havitoi ufadhili wa michezo. Nje ya NCAA kuna NAIA, chenye vyuo vidogo kwa sehemu kubwa, na NJCAA, cha vyuo vya miaka miwili.

Kwa nini mkimbiaji wa mbio ndefu anatafutwa

Mrukaji au mrusha tufe hushindana katika misimu miwili: ukumbini wakati wa baridi na uwanjani kuanzia majira ya kuchipua. Mkimbiaji wa mbio ndefu ana msimu wa tatu, mbio za nyika, kuanzia Septemba hadi Novemba. Mtu mmoja, nafasi moja, misimu mitatu ya alama: hesabu hiyo kocha huifanya kabla ya nyingine yoyote.

Alama za mbio za nyika nazo zinaeleza mengi. Timu hupanga wakimbiaji saba, na watano wa kwanza ndio wanaohesabiwa. Nafasi zao hujumlishwa, na timu yenye jumla ndogo hushinda. Chuo ambacho watu wake watano wamemaliza wa 4, 11, 23, 40 na 62 kina alama 140. Chuo kilichotoa mshindi, lakini wengine wakawa wa 20, 45, 60 na 150, kina alama 276, na nyota wake atavishwa medali huku timu ikirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa sababu hiyo makocha wengi humsaka mtu wa tano kwa bidii ileile wanayomsakia mtu wa kwanza. Mwanafunzi ambaye si bingwa wa mkoa wake bado anaweza kuwa ndiye kiungo kinachokosekana, na ni makosa kwa walimu kuwaambia vijana kwamba asiye wa kwanza hana lake.

Muda, na kilicho nyuma ya muda

Shule za upili za Marekani hukimbia mita 1,600 na 3,200 uwanjani na kilomita 5 nyikani. Matokeo yao huwekwa kwenye tovuti kama MileSplit na Athletic.net, ambako kocha wa Oregon humfuatilia msichana wa Texas bila kupanda ndege. Kwa timu zenye nguvu za Daraja la Kwanza, mvulana huanza kutazamwa akikaribia dakika 9 kwa mita 3,200, na msichana akishuka chini ya dakika 10 na nusu. Timu bingwa hutaka kasi zaidi ya hapo, na ndogo huridhika na pungufu yake.

Namba pekee haitoshi. Katika ubingwa wa nyika wa NCAA wanaume hukimbia kilomita 10, mara mbili ya umbali wa shule ya upili, na wanawake kilomita 6. Kocha anajiuliza nani ataumudu umbali huo. Hutazama kwanza mwendo wa maendeleo: aliyeteremka kutoka 9:50 hadi 9:12 katika miaka miwili huvutia kuliko aliyekaa kwenye 9:08 tangu akiwa na miaka 15. Kisha huuliza mazoezi ya wiki ni kilomita ngapi. Wawili wenye muda sawa, mmoja akikimbia kilomita 60 kwa wiki na mwenzake 130, hawalingani. Wa kwanza ana nafasi ya kuongezewa kazi. Wa pili huenda ameshafika ukingoni, na mifupa yake imebeba mzigo mkubwa mapema mno. Majeraha huulizwa pia. Kwa wasichana, kocha makini huuliza kuhusu afya, chakula na mzunguko wa hedhi, kwa kuwa mwili unaonyimwa lishe hukimbia vizuri kwa msimu mmoja na kuvunjika unaofuata. Kocha anayesifia wembamba badala ya afya ni wa kuogopwa.

Kwa wakimbiaji wa Afrika Mashariki kuna maswali mengine mawili. La kwanza ni mwinuko: Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mita 5,000 zilizokimbiwa hapo kwa 14:25 ni kazi kubwa kuliko 14:25 ya Florida. NCAA yenyewe ina jedwali la kurekebisha muda wa viwanja vya nyanda za juu, kwa hiyo makocha wanalifahamu jambo hilo vyema. La pili ni jinsi muda ulivyopimwa. Uwanja wa udongo wenye mizunguko isiyopimwa sawasawa, na mwalimu aliyeshika saa mkononi, huzaa namba ambazo kocha wa mbali hawezi kuziamini zikiwa peke yake. Ndiyo maana matokeo ya mashindano yanayojulikana, kama michezo ya shule za upili ya kitaifa au ile ya shule za Afrika Mashariki, yana uzito kuliko majaribio ya mazoezini, hata kama majaribio yalikuwa ya kasi zaidi.

Kalenda ya mawasiliano

Katika Daraja la Kwanza, kocha haruhusiwi kumwandikia wala kumpigia mwanafunzi wa riadha kabla ya Juni 15 baada ya darasa la kumi, yaani miaka miwili kabla ya kumaliza shule. Kuanzia Agosti 1 inayofuata, mwanafunzi anaweza kualikwa kutembelea chuo kwa gharama ya chuo: hulala siku mbili, hukutana na timu, huona mabweni na madarasa. Wanaoishi ng'ambo mara nyingi hutembelea kwa njia ya video tu.

Kanuni hiyo humfunga kocha, mwanafunzi haimfungi. Anaweza kuandika wakati wowote, na anayesubiri kugunduliwa husubiri sana. Ujumbe unaosomwa ni mfupi: jina, mwaka wa kuzaliwa, shule na mwaka wa kumaliza, gredi za masomo, muda bora wa kila umbali pamoja na tarehe, mahali na namna ulivyopimwa, video ya mbio moja au mbili, na namba ya mwalimu wa michezo. Mstari mmoja unaosema "mita 5,000, 14:25, Eldoret, Mei, saa ya mkono" humsaidia kocha kuliko kurasa mbili za sifa. Kutaja kwamba muda ulipimwa kwa mkono hakumpunguzii mwanafunzi heshima. Kuficha na kugunduliwa kunamfungia mlango.

Masomo

Hapa ndipo vijana wengi wenye miguu mizuri hukwama. Ili kushindana Daraja la Kwanza, mwanafunzi lazima athibitishwe na kituo cha ustahiki cha NCAA: awe na masomo ya msingi 16 ya shule ya upili na wastani usiopungua 2.3 kwenye kipimo cha 4.0. Daraja la Pili hutaka 2.2. Tangu 2023 NCAA haidai tena mitihani ya SAT na ACT, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai. Vyeti vya nje, kama KCSE ya Kenya, hupimwa kwa mwongozo wa nchi husika, na vyuo vingi hutaka pia mtihani wa Kiingereza.

Kufuzu kwa NCAA si kupokewa chuoni. Chuo kina kiwango chake, na kocha ana uwezo mdogo au hana kabisa wa kukishusha. Kati ya wakimbiaji wawili wanaokaribiana, mwenye gredi nzuri huchaguliwa kwa sababu anaweza kupata ufadhili wa kitaaluma unaopunguza mzigo kwenye fungu la michezo. Mwalimu anayemruhusu mkimbiaji wake kukosa vipindi kwa ajili ya mazoezi anamwibia hata hiyo riadha anayodhani anaitumikia.

Umri nao una hesabu yake. Kwa miaka mingi kanuni ya Daraja la Kwanza kwa riadha imekuwa kwamba aliyemaliza shule ana takriban mwaka mmoja wa kujiunga na chuo. Akipitisha hapo huku akishiriki mashindano rasmi, hupoteza misimu ya kushindania chuo. Mwanafunzi wa Kenya anayemaliza kidato cha nne Novemba na kuanza chuo Agosti inayofuata yumo ndani. Anayekaa kambini Iten miaka mitatu akishiriki mbio za barabarani, akitumaini muda mzuri zaidi, anaweza kuupata muda na kuipoteza nafasi. Zawadi za fedha na mkataba na meneja ni mambo ya kutangazwa mapema, kwani vyote viwili huchunguzwa. Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara, na toleo la mwaka husika hupatikana NCAA.

Fedha

Kwa miongo mingi timu nzima ya riadha ya wanaume ya Daraja la Kwanza, kuanzia wakimbiaji wa mita 100 hadi warusha mkuki, iligawana kiasi cha ufadhili kamili 12.6, na ya wanawake 18. Wachache walipata ufadhili kamili. Wengi walipata sehemu. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, na vyuo vilivyojiunga na mpango huo vikaondolewa kikomo cha ufadhili, mahali pake kukawekwa kikomo cha idadi ya watu: 17 katika timu ya mbio za nyika na 45 katika riadha ya uwanjani. Chuo kinaweza kuwafadhili wote, lakini hakilazimiki, na vingi havina fedha hizo.

Kikomo cha watu kimebadili hesabu ya makocha. Zamani kijana wa kawaida aliweza kukubaliwa bila ufadhili na kukua taratibu. Sasa kila nafasi ni ya thamani, na kocha anaweza kumchukua mtu wa miaka 21 anayehama kutoka chuo kingine, aliyekwisha kujipambanua, badala ya wa miaka 18 anayehitaji kulelewa. Ni hasara kwa wanaochelewa kuchanua, na mbio ndefu zina wengi wa aina hiyo.

Neno "ufadhili" peke yake halielezi kitu. Tuseme gharama za chuo kwa mwaka, yaani karo, malazi, chakula, vitabu na bima, ni dola 40,000, na ofa ni asilimia 60. Familia inabaki na dola 16,000 kila mwaka, dola 64,000 kwa miaka minne, bila kuhesabu nauli. Ofa ya maandishi hutaja kiasi, gharama zinazolipiwa, na kama ni ya mwaka mmoja au zaidi. Ya mwaka mmoja huweza kutohuishwa. Ahadi ya kocha kwenye simu, hata ikitolewa kwa moyo mweupe, haikifungi chuo, na kocha mwenyewe anaweza kuhamia kwingine kabla mwanafunzi hajawasili.

Njia ya Waafrika Mashariki

Katika miaka ya 1970, kocha John Chaplin wa Chuo Kikuu cha Washington State alisajili Wakenya mmoja baada ya mwingine, John Ngeno, Samson Kimobwa na Henry Rono wakiwemo. Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977. Mwaka uliofuata Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mtanzania Suleiman Nyambui alisomea El Paso, Texas, na kushinda fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow 1980. Peter Rono wa shule ya St. Patrick's Iten alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, Maryland, aliposhinda dhahabu ya mita 1,500 Seoul 1988. Njia kuu ilikuwa neno la mdomo: aliyetangulia alimtaja mwenzake, na kocha akamwamini. Hadi leo pendekezo la mwanafunzi aliyemo kwenye timu lina nguvu kuliko tangazo lolote.

Vyuo vya miaka miwili vimekuwa daraja muhimu. Sally Kipyego alianzia South Plains, Texas, akahamia Texas Tech, akashinda ubingwa wa nyika wa NCAA mara tatu mfululizo kuanzia 2006, akasomea uuguzi, kisha akatwaa fedha ya mita 10,000 London 2012. Kwa wenye alama za juu kabisa shuleni, mradi wa KenSAP, ulioanzishwa 2004 na mwanariadha Mike Boit pamoja na mwandishi John Manners, umewapeleka wanafunzi wa Bonde la Ufa kwenye vyuo vinavyoongoza Marekani.

Kati ya kocha na kijana wamejipenyeza madalali. Kanuni za NCAA huruhusu huduma ya ushauri yenye ada ya kawaida, lakini malipo yanayotegemea mwanafunzi kupata nafasi, au asilimia ya ufadhili wake, yanaweza kumwondolea haki ya kushindana. Kocha halali haombi fedha, na huandika kwa anwani ya barua pepe ya chuo chake. Jina lake huonekana kwenye tovuti ya idara ya michezo, na simu ya idara hiyo hupokelewa. Familia inayoombwa kuuza ng'ombe au shamba ili "kushikilia nafasi" ina haki ya kupiga simu hiyo kwanza.

Baada ya ofa kusainiwa, chuo humtumia mwanafunzi wa nje fomu ya I-20, inayoonyesha gharama za mwaka wa kwanza na nani anazilipa. Pengo kati ya ufadhili na gharama lazima lithibitishwe kwa hati za benki au mdhamini. Kwa fomu hiyo mwanafunzi huomba viza ya F-1 katika ubalozi wa Marekani, ambayo masharti yake hutofautiana kati ya nchi na nchi. Viza hiyo huruhusu kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa hiyo mpango wa kulipia pengo kwa vibarua vya mjini haufai kuandikwa kwenye bajeti ya familia.