Mkono wa Dayalisisi Barabarani: Usukani, Matatu na Feri Baada ya Upasuaji

Mgonjwa wa figo akitoka chumba cha upasuaji baada ya kutengenezewa njia ya damu mkononi, swali linalowasumbua jamaa zake mara nyingi si la dawa. Ni la safari: atafikaje nyumbani? Kwa mkazi wa Kwale aliyepasuliwa Mombasa, kurudi nyumbani ni matatu, feri ya Likoni, matatu nyingine, kisha huenda bodaboda ya kumalizia. Lunga Lunga pekee iko karibu kilomita 100 kutoka kivukoni. Na mkono unaopitishwa katika misukosuko yote hiyo ndio utakaotegemewa kila wiki, kwa miaka, kumweka hai.

Katika upasuaji huu, daktari huunganisha ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni kwa nguvu, na vena, mshipa unaoirudisha. Nguvu ya damu huifanya vena ipanuke na ukuta wake uwe mnene, hadi iweze kuchomwa sindano kubwa za mashine ya kusafisha damu. Kitaalamu njia hiyo huitwa fistula. Jina hilo huwatisha wengi bure, kwa kuwa wamelizoea kwa ugonjwa unaowapata akina mama waliojifungua kwa shida. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa.

Fistula ya mkononi haitumiki kesho yake. Hukomaa kwa muda wa wiki 6 hadi miezi 3. Kwa wakati huo, aliyekwisha kuanza dayalisisi husafishwa damu kwa mrija uliopachikwa shingoni au kifuani, ambao hupata maambukizi kwa urahisi zaidi. Fistula ikiziba kabla ya kukomaa, mgonjwa hubaki na mrija huo na kungoja upasuaji mwingine. Ndiyo maana safari za wiki za mwanzo si jambo dogo.

Siku ya upasuaji, mgonjwa hapaswi kuendesha chombo chochote. Mkono huenda bado una ganzi, na ganzi ya mkono mzima inaweza kudumu hadi kesho yake. Mkono usio na hisia hauwezi kuaminiwa kwenye usukani, wala hautambui ukiegemea chuma cha moto. Dawa kali za maumivu nazo huleta usingizi. Baada ya hapo hakuna idadi moja ya siku inayowafaa watu wote. Daktari aliyempasua ndiye wa kuulizwa, na kipimo cha kawaida ni kama mgonjwa anaweza kuzungusha usukani na kufunga breki ghafla bila maumivu na bila kusita. Wengi hungoja hadi kidonda kifunge na nyuzi zitolewe, karibu wiki 2.

Kuna jambo moja la magari ya Kenya linalofaa kufikiriwa mapema. Madaktari hupendelea kutumia mkono usiotumika sana, na kwa watu wengi huo ni wa kushoto. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo mkono wa kushoto ndio unaobadilisha gia. Msongamano wa Likoni peke yake unaweza kudai gia mara mia. Gari la otomatiki huondoa tatizo hilo. Kwa waendeshaji wa pikipiki na tuktuk ni vigumu zaidi, kwani klachi hukamatwa kwa mkono huo huo wa kushoto na mashimo ya barabara hupiga moja kwa moja kwenye kidonda. Wapo watakaosema klachi ni mazoezi, maana wamesikia kwamba mgonjwa hupewa mpira wa kuminya ili mshipa ukue. Ni kweli mpira hutolewa, lakini huanza pale daktari anaporuhusu, na mpira haumwangushi mtu barabarani.

Mkanda wa usalama ni sheria, na upasuaji hauuondoi. Mkanda wa dereva hushuka kutoka bega la kulia, na mrija wa kifuani mara nyingi huwekwa upande huo huo. Kitambaa laini kilichokunjwa kando ya mrija, si juu yake, huzuia msuguano. Mrija ukisumbuliwa hata hivyo, ni afadhali mgonjwa apande kiti cha mbele cha abiria, ambapo mkanda hutoka bega la kushoto.

Kwenye matatu, hatari kubwa ni wema wa makanga. Kazi yake ni kuvuta watu ndani, naye hushika mkono ulio karibu. Mama mtu mzima anaweza kusema mapema, "Mwanangu, mkono huu umepasuliwa, nishike huu mwingine," na kwa kawaida atasaidiwa hata kupata kiti. Kiti kizuri ni cha dirishani upande wa mkono uliopasuliwa, ili jirani asiuegemee. Mkono uwekwe mapajani juu ya leso iliyokunjwa. Kuufunga leso na kuuning'iniza shingoni, kama mkono uliovunjika, hakufai bila agizo la daktari, kwa kuwa kiwiko kilichokunjwa na fundo linalobana hupunguza mwendo wa damu. Kwa sababu hiyo hiyo, mkono huo haubebi mfuko, hauvai saa wala bangili, na haushiki chuma cha juu gari likiwa kwenye mwendo.

Feri nayo ina kipindi chake cha kubanana, asubuhi na jioni. Anayeweza kupanga, avuke mchana. Asiyeweza, aache umati upite na asubiri feri inayofuata.

Kila asubuhi, na kila baada ya safari ndefu, mgonjwa aweke vidole juu ya fistula. Ikiwa hai hutetema, kama simu iliyozimwa mlio. Mtetemo ukipotea, aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani damu iliyoganda inaweza kuondolewa ikiwahiwa. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi isiyoisha, asingoje pia. Damu ikitoka, ashinde kwa vidole viwili mahali penyewe, ainue mkono, na apige 999 au 112. Kurundika taulo huficha damu bila kuizuia.

Hata fistula ikikomaa, siku ya dayalisisi ina tahadhari yake. Baada ya takribani saa 4 kwenye mashine, shinikizo la damu linaweza kushuka na kizunguzungu kumpata mtu akiwa amekwisha kuwasha gari. Shinikizo lipimwe kwa mkono mwingine kabla ya kuondoka, na kwa majuma ya mwanzo awepo mtu wa kumwendesha. Dereva anayetaka kurudi kazini afanye jaribio siku isiyo ya mashine, kwa mwendo mfupi, Ukunda hadi Diani hivi, akiwa na mwenzake mwenye leseni kando yake.